Mrejesho: kupima unga na sukari bila mizani

Asalaam aleikum ndugu zangu. Niliuliza nitapimaje kwa kikombe mapishi ya keki yaliyoandikwa kwa gramu, maana mizani sina. Dada mmoja akanielekeza ninunue nusu kilo iliyopimwa dukani, kisha niihesabu nyumbani kwa kikombe changu mwenyewe. Dada, Mungu akuzidishie, njia yako imenifaa kweli.

Mwenye duka hapa Ngamiani alinipimia vizuri, mshale ukatulia kabisa. Kikombe changu ni cha mililita 240. Nusu kilo ya unga wa ngano imetoa vikombe vinne, yaani gramu 125 kila kimoja. Sukari nusu kilo ile ile, vikombe viwili na nusu tu! Kwa hiyo kikombe cha sukari ni gramu 200, na mchele unakaribia hapo hapo.

Unga ndio wenye mambo. Nauchekecha, nauchota kwa kijiko hadi kikombe kifurike, halafu napitisha mgongo wa kisu juu. Ukizamisha kikombe mfukoni na kushindilia, unafika gramu 150 au zaidi, na keki inatoka kavu, inameng'enyeka. Mama mkwe anatumia kibaba chake cha bati na mkate wake wa kumimina hauna mpinzani, lakini mkono ule ni wa miaka mingi.

Hamira nimeachia kijiko cha chai, takriban gramu 3. Unga wa mchele bado sijaupima. Aliyewahi kuupima anijuze tafadhali.