Picha ya mkono wa mtoto ina mstari mweusi karibu na kifundo. Ni ufa mwingine?

Mama wa Parachichi, Tukuyu
Hamjambo wapendwa. Kijana wangu wa miaka tisa alidondoka kwenye mparachichi, akaangukia mkono wa kushoto. Hospitali wamempiga picha, wakasema mfupa mmoja chini ya kiwiko umepinda na kupasuka upande mmoja, wakamfunga POP, ile plasta ngumu. Hilo nimelielewa. Kinachoninyima usingizi ni ile picha. Nimeiweka dirishani nikaona mstari mweusi unaokata mfupa kabisa karibu na kifundo, tena kwenye mifupa yote miwili. Daktari alisema "huo ni wa kawaida," akaita mgonjwa mwingine. Bibi yake sasa anataka tuikate POP tumpeleke kwa mzee anayefunga mifupa kwa mianzi. Mwenye kujua anisaidie, huo mstari ni kitu gani?

Dereva wa Fuso, Mwanjelwa
Mpeleke kwa mzee. Bega langu lilikandwa na mzee wa namna hiyo, leo nakata kona za Kitonga bila shida.

Nesi Mstaafu, Iringa
Kamwene mama, pole na kijana. Wewe dereva, bega kuteguka na mfupa kupasuka ni mambo mawili, usimponze mtoto wa watu.

Mama, POP isiguswe. Nilifanya kazi wodi ya mifupa, na huo mstari akina mama waliniuliza kila mara. Mfupa wa mtoto bado haujawa mfupa wote. Karibu na ncha zake kuna tabaka la gegedu, kitu laini kama kilichomo kwenye sikio, na hapo ndipo unaporefukia: chembe za gegedu zinagawanyika, zinajipanga mistari, halafu zilizotangulia zinageuzwa kuwa mfupa. Gegedu halina kalsiamu ya kuzuia miale ya eksirei, ndiyo maana kwenye picha panaonekana pameachana. Hapajaachana. Akipigwa picha mkono wa kulia, ambao ni mzima, utaukuta mstari uleule mahali palepale. Madaktari wenyewe hufanya hivyo wakiwa na shaka.

Unakumbuka utosi wake ulivyokuwa ukidunda? Pale ni utando, si gegedu, ila sababu haiko mbali: mifupa ya fuvu ilikuwa bado haijakutana. Mtoto huzaliwa na mifupa zaidi ya 270, mingine bado gegedu tupu, na mtu mzima anabaki na 206 kwa sababu mingi huungana. Uti wa mgongo peke yake huanza na pingili 33, ukubwani huhesabiwa mifupa 26: tano zimekuwa mfupa mmoja nyuma ya nyonga, zile ndogo za mwisho zimekuwa kifandugu. Mistari ya mikononi nayo hufungika ujanani, wasichana wakiwatangulia wavulana.

Sasa hiyo mianzi. Mkono ulioumia huvimba. Ukifungwa kwa nguvu, damu haipiti, na misuli hufa ndani ya saa chache. Nimeona vidole vyeusi vya watoto, sitaki kusimulia. Na kukanda ndiyo mbaya kabisa: damu iliyoganda pale penye ufa ndiyo inayoanza kujengwa gegedu laini, kisha mfupa mchanga. Ukikanda unabomoa.

Mama wa Parachichi, Tukuyu
Ndaga fijo mama. Roho imetulia kidogo. Kwa hiyo mkono hautabaki mfupi? Na bibi yake keshanunua kongoro, anasema supu inaunga mfupa.

Nesi Mstaafu, Iringa
Hapo kwenye ufupi umeuliza la maana. Mfupa wa upande wa kidole gumba hupata karibu robo tatu ya urefu wake kutoka kwenye huo mstari wa kifundoni, kwa hiyo ungeumia wenyewe tungekuwa na wasiwasi. Kwa ulivyoeleza, ufa uko kwingine. Mwulize daktari hilo moja kwa moja siku ya kurudi, na usitoke mpaka akujibu. POP ikitolewa, atapata taabu kugeuza kiganja juu na chini, kwa kuwa mfupa huo hujizungusha juu ya mwenzake. Kutakuwa na kinundu pia. Kitapungua chenyewe miezi inavyokwenda.

Kongoro apike, ni tamu. Ila kalsiamu inayotoka kwenye mfupa kuingia kwenye mchuzi ni kidogo sana. Mpe maziwa, Rungwe mnayo, na dagaa wa Nyasa aliwe mzima na miiba yake. Huo ndio mfupa unaoliwa.

Leo usiku mguse vidole. Vikiwa vya baridi, vimepauka au vina ganzi, au akilia ukivinyoosha, usisubiri asubuhi, mrudishe hospitali wakailegeze.