Mrejesho: biskuti za chokoleti zisizo na nafaka

Ndugu zangu, niliuliza namna ya kuoka biskuti zenye vipande vya chokoleti bila unga wa nafaka yoyote, ziwe kavu na za kuvunjika kwa mlio badala ya kulainika kama keki. Ninawashukuru nyote mlionijibu.

Kilicholeta tofauti kubwa zaidi ni sukari: asali, ambayo huvuta unyevu wa hewani, niliiacha kabisa na kutumia sukari nyeupe, na kwetu huku pwani jambo hilo si dogo. Unga wa lozi niliuchanganya na wa muhogo kwa uwiano wa 2 kwa 1, nikatumia ute wa yai bila kiini, kisha nikabonyeza kila donge hadi likawa jembamba, kwa kuwa donge la lozi halitandai vizuri lenyewe likiwa ndani ya oveni. Nilioka kwa nyuzi 150 za Selsiasi mpaka kingo zikawa za kahawia, nikazima moto na kuziacha humo zikauke taratibu.

Aliyependekeza unga wa nazi, samahani, simuungi mkono, maana hunyonya maji mno na biskuti hubomoka. Wanaoepuka nafaka kabisa wakague pia bekingi pauda, kwani nyingi zina wanga wa mahindi.