Kupima sukari ofisini: namba zipi ni za kuaminika?

Mratibu_Posta
Wakuu, tunataka kupima sukari wafanyakazi wenzetu hapa Posta, Dar. Wengi wana miaka 35 hadi 50, kutwa kwenye kiti. Glukomita, kile kimashine cha kupima sukari kwa tone la damu ya kidole, ipo. Atakayesoma 6.4 aambiweje? Na kuna wanaogoma kupima, eti chooni kwao hawajaona sisimizi wakifuata mkojo.

Tabibu_Kinga
Hao sisimizi waacheni. Sukari huanza kuingia kwenye mkojo ikishavuka takriban 10 mmol/L kwenye damu, kwa hiyo mtu anaweza kukaa na kisukari miaka bila kumwona hata mmoja.

Kuhusu 6.4, ulizeni kwanza kama amekula. Kama ana saa 8 au zaidi tumbo tupu, maji tu, basi yuko kwenye hatua ya kabla ya kisukari (6.1 hadi 6.9). Kuanzia 7.0 ni kisukari, ila asiye na dalili arudiwe siku nyingine, kwa damu ya mshipa maabara. Aliyekwisha kula chapati na chai hapimwi kwa viwango hivyo. Pimeni saa moja asubuhi, kabla mama ntilie hajafika.

Maabara_Kwanza
Mara nyingi mchawi ni kidole. Mtu kamenya embe, kisha anapanguswa spiriti juu juu: namba inaruka, kwa sababu spiriti haiondoi sukari yote ya tunda. Anawe kwa maji na sabuni, akauke kabisa. Toboa pembeni mwa ncha ya kidole na usikamue kwa nguvu, maji ya mwilini yatachanganyika na damu. Kopo la stripu, vile vipande vya kuwekea damu, lifungwe papo hapo. Unyevu wa Dar unaziua kabla ya tarehe yake. HbA1c nayo, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, haiaminiki kwa mwenye selimundu au aliyeongezewa damu karibuni.

Bi_Lishe
Chukueni tepu ya fundi cherehani. Waanze wenye kiuno zaidi ya sm 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake, wenye presha, wenye mzazi au ndugu wa damu mwenye kisukari, na kina mama waliopandisha sukari wakiwa wajawazito.

Huyo wa 6.4 ana nafasi nzuri. Utafiti mkubwa wa Marekani wa 2002 ulionyesha kwamba kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki kulipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58. Dawa ya metformini ilipunguza kwa asilimia 31. Mwenye kilo 85 apunguze kama 6.

Mratibu_Posta
Nimewapata. Na chai ya ofisini?

Bi_Lishe
Vijiko vitatu mara vikombe vitatu ni kama gramu 36 za sukari, soda bado. Asali na sukari guru zihesabuni humo humo.