Jack wa 24 na Jack wa Lost: hivi hawawezi kuwa ndugu?

FundiFlashi
Wakuu, salaam kutoka Majengo, Dodoma. Nina kibanda cha kuingizia watu muvi na sizoni kwenye flashi. Swali langu la kitoto, ila linanisumbua.

Kuna mteja wangu, mzee wa Kikuyu (Kikuyu ya hapa hapa Dodoma, msimpeleke Kenya). Mwezi jana alileta flashi siku umeme unakatika na kurudi. Nikamwingizia haraka haraka vipande vya 24 na vya Lost, tamthilia mbili za Kimarekani, ndani ya folda moja, nikaiandika JACK, nikijua nitavitenganisha baadaye. Nikasahau.

Mzee kaiangalia wiki nzima kama hadithi moja. Aliporudi, hata shikamoo yangu hakuiitikia vizuri: "Mjukuu wangu, huyu Jack udaktari kasomea lini? Juzi nimemwacha Los Angeles anakimbizana na magaidi, jana namkuta kisiwani anashona watu vidonda. Na sura kabadilisha!"

Nikamweleza ni wajina tu, watu wawili tofauti. Akauliza: "Nani kampa mwenzake jina?" Hapo nikakwama.

Tangu siku hiyo nawapangia ukoo kichwani. Jack Bauer wa 24 kazi yake Los Angeles. Jack Shephard wa Lost naye ni daktari wa upasuaji wa uti wa mgongo, Los Angeles hiyohiyo; ndege iliyomwangusha kisiwani ilikuwa ikitoka Sydney, yeye akirudi nyumbani na jeneza la baba yake. Mimi nasema hawa ni watoto wa mama mkubwa na mama mdogo. Wote wamepewa jina la babu mzaa mama, ndiyo maana majina ya baba hayafanani. Kwa mama yangu, Mvumi, tuko wajukuu watatu wenye jina la babu. Likiitwa tunaitika wote. Nani anaona kasoro?

Wa_Kongwa
Mkuu, Jack kwa wenzetu ni kama Yohana kwetu. Darasa la nne tulikuwa na akina Yohana watano, undugu wao ulikuwa kugombea dawati basi.

MamaZabibu
Mbona umemsahau Kate? Lost kuna Kate Austen, anayetafutwa na polisi, na daktari anampenda. Nenda 24 sizoni ya pili: Kate Warner, na Bauer akaja kuwa naye kwa muda. Jack wawili, Kate wawili!

Halafu kule Marekani Lost iliisha 23 Mei 2010, na sizoni ya nane ya 24 ikamalizika kesho yake. Kama msiba wa nyumba moja: leo mnazika, kesho mnaanua matanga. (Bauer alirudi tena 2014, najua, msinisahihishe.)

Kijana wa Nkuhungu
Waandishi wenyewe walishawahi kuunga undugu, ila kwa sura, siyo kwa jina. Lisa Kudrow aliigiza kama Ursula, mhudumu wa mgahawa kwenye Mad About You, sizoni ya kuchekesha. 1994 akaanza kuwa Phoebe kwenye Friends, nyingine ya kuchekesha. Sura ileile kwenye sizoni mbili kwa wakati mmoja, watu wangechanganyikiwa. Wakaamua Ursula na Phoebe ni mapacha, na Ursula akawa anatokea hata kwenye Friends. Kwa hiyo mzee wako hajapotea sana.

FundiFlashi
Nimempelekea majibu leo, nimemkuta barazani anakula zabibu. Wa Kongwa, amesema dawati nalo ni undugu.

La Kate ndilo lililomtuliza. Katafuna, katema mbegu, kisha: "Yule daktari si alikufa mwishoni, pale kwenye mianzi?" Nikamwambia ndiyo. "Basi ndugu yake karithi mjane. Nywele ndizo kapaka rangi."

Nikajaribu kumwambia Kate wa Bauer ndiye aliyetangulia, sizoni yake ilianza 2002, huyu wa kisiwani alikuja 2004. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto wa dukani aliyekosea chenji.

"Hayo ya miaka ni makosa yako wewe uliyechanganya folda."

Kaniachia flashi nimwekee vipande vilivyobaki. Kasisitiza viwe kwenye folda ileile.