Eti mimi ni silabi!

Asalaam aleikum. Ninaandika haya kahawa ikiwa bado moto kinywani, kwani nimetoka uwanja wa Mkunguni, hapa Amu (Lamu), sasa hivi nikiwa nimefedheheshwa na yule bwana wa kofia ya viua, ambaye Amu nzima inamjua na sina haja ya kumtaja. Nilikuwa nikiwaeleza wageni wawili kwa Kiingereza kwamba watu wa hapa ni “unstressed”, yaani hawana msongo wa mawazo, ndipo alipoweka kikombe chini taratibu, akaniuliza mbele ya kadamnasi: “Kwani wewe ni silabi?”

Silabi! Wageni walicheka, muuza kahawa alicheka, na naapa hata punda aliyebeba mifuko ya saruji alisimama kunitazama. Kisha bwana yule akaanza darsa, eti neno hilo husemwa juu ya silabi isiyotiwa mkazo, kama ya kwanza katika “banana” ambayo Mwingereza huimeza nusu, na mtu aliyetulia huitwa “relaxed”. Hilo la silabi nalijua. Lakini kamusi za Kiingereza zina pia maana ya kitu kisichobanwa na shinikizo, hata waya, sasa mimi nimeshindwa na waya? Angeninong’oneza ningemshukuru. Yeye aliweka kikombe chini kwanza, taratibu, ndipo akasema silabi.

Nahodha Mstaafu: Pole, kaka, ila mtu asiye na msongo wa mawazo haandiki malalamiko marefu namna hii kwa ajili ya neno moja. Bwana yule amekosea kidogo tu, kwa kuwa wewe ni silabi yenye mkazo.

Mwana wa Langoni: Tena ushukuru kwamba ni silabi ya Kiswahili, kwa maana kwetu hata isiyo na mkazo hutamkwa irabu yake kamili, haimezwi kama ya Waingereza.

Mwenye uzi: Ninyi mnacheka kwa sababu hamkuona kikombe kikiwekwa chini.

Bi Shela: Mimi kero yangu ni wageni waliosoma Kiswahili vitabuni, wakaambiwa mkazo daima hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mmoja aliniuliza hali, nikamjibu ba-RA-ba-ra, yaani sawasawa, akasikia ba-ra-BA-ra, akaanza kutafuta magari katika vichochoro ambavyo punda wawili hupishana kwa shida.

Nahodha Mstaafu: Bi Shela, na wale wanaoitamka “lazima” kwa mkazo wa katikati je? Wazee wetu huuweka mwanzoni, LA-zi-ma.

Mwana wa Langoni: Hapo sikubali, kwa sababu nyumbani kwetu tunaisema kwa mkazo wa katikati na hakuna aliyewahi kutusahihisha.

Bi Shela: Hamjasahihishwa kwa kuwa bwana wa kofia hajafika kwenu.