Je, Waairishi wameacha maadili, au wameacha kanisa tu?

Wakuu, kila tukiigusa Ulaya jibu ni lile lile: wazungu wamemwacha Mungu, maadili yameporomoka. Kabla hatujaurudia huo wimbo, tuitazame nchi moja tu, Ireland.

Septemba 1979 Papa Yohane Paulo II aliadhimisha misa Phoenix Park, Dublin, mbele ya watu zaidi ya milioni moja. Wakati huo talaka ilikatazwa na katiba. Mwaka 2015 nchi hiyo hiyo ikapiga kura, asilimia 62 wakakubali ndoa za jinsia moja. 2018 asilimia 66 wakakiondoa kifungu cha kikatiba kilichozuia utoaji mimba. Hata miaka 40 haijatimia.

Hapo katikati kulitokea nini? Watu watataja televisheni, pesa, shule. Sawa, vimo. Lakini mwaka 1993 masista fulani wa Dublin waliuza kiwanja chao, ikabidi makaburi yafukuliwe. Ikatoka miili 155 ya wanawake waliokuwa wakifanyishwa kazi kwenye dobi la watawa, yaani nyumba ya kufulia nguo, na baadhi yao hawakuwa hata na cheti cha kifo. Kwenye madobi hayo aliweza kuingizwa msichana aliyezaa nje ya ndoa, au yule ambaye watu walihofia tu kwamba ataharibika. Anapewa jina jipya, anafua mashuka ya watu bila ujira. La mwisho lilifungwa 1996, juzi tu! Halafu 2009 ikatoka ripoti ya tume kuhusu watoto waliopigwa na kunajisiwa kwenye shule za mashirika ya kitawa.

Sasa niambieni: Mwairishi aliyesoma hayo akaacha kwenda misa, alichukia kwa kipimo cha nani? Mimi naona ni kile kile cha katekisimu yake, kwamba mnyonge asionewe. Alilipima kanisa kwa mizani ya kanisa lenyewe, likapungua.

Kuna mzee tuliyebishana naye akanibana: "Huyo alilelewa na katekisimu. Mjukuu wake je, ambaye hajawahi kuishika, hasira hiyo ataitoa wapi?" Hapo nilikwama, na bado nimekwama. Zamani mapadri wa Kiairishi walikuja Kenya kufungua shule na parokia. Leo kuna parokia za Ireland zinazohudumiwa na mapadri kutoka Afrika, na mabenchi ya mbele matupu.

Karibuni mnikosoe. Ila atakayesema "wamelaaniwa" atueleze kwanza wale 155 walilaaniwa na nani.