Mnafundishaje ahadi za urejesho za manabii? Tupeane uzoefu

Katekista wa Mbagala
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tangu mkesha wa mwaka mpya, ukipanda daladala Rangi Tatu mpaka ushuke Kariakoo, mabango ya "Mwaka wa Urejesho" hayahesabiki. Yoeli 2:25, ya kurudishiwa miaka iliyoliwa na nzige, iko kwenye fulana; Yeremia 29:11, ya mawazo ya amani ambayo Mungu anawawazia watu wake, iko nyuma ya bajaji. Masomo ya jumuiya yanaanza wiki ijayo na watu watakuja kila mmoja na mstari wake mkononi. Mliowahi kuwafundisha manabii hawa leteni mnavyofanya: mnaanzia wapi, mnatumia vifaa gani, wasikilizaji hukwama wapi. Msinitajie tu aya, nipeni utaratibu.

Mwalimu_Tabata
Amina Katekista. Yeremia 29 isomwe kuanzia aya ya 1, isianziwe aya ya 11. Ile ni barua. Ilitoka Yerusalemu kwenda kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli pamoja na mfalme Yehoyakini wa Yuda mwaka 597 KK, na wabebaji wake wametajwa: Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia. Maagizo yanatangulia: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni na kuozesha, uombeeni amani mji mliohamishiwa. Hapo ni Babeli kwa adui! Aya ya 10 inataja miaka sabini, ndipo aya ya 11 inakuja na lile neno tunalolipenda.

Waambie wapige hesabu. Aliyeisikia barua akiwa na miaka arobaini hakutarajia kurudi kwa miguu yake. Ahadi ilikuwa ya kweli kwake, ila ingetimia mikononi mwa wajukuu.

Usiiache sura ya 28. Nabii Hanania aliahidi vyombo vya hekalu na mateka wote watarudi ndani ya miaka miwili, akaivunja nira ya mti shingoni mwa Yeremia mbele ya watu wote. Alikufa mwaka uleule, mwezi wa saba. Soma sura zote mbili, kisha uliza: ungekuwa Babeli, ungempigia makofi nani kati ya hawa wawili? Nyamaza, waache wajibu. Dakika kumi na tano zinatosha.

Mama Jumuiya Ubungo
Sura ya 28 isiachwe kabisa. Naunga mkono.

Kwaya_Kinondoni
Shikamooni wakubwa. Upande wa Yoeli, anzeni 1:4 kabla ya 2:25. Tunutu, nzige, parare, madumadu, kila kundi linakula masazo ya lililotangulia. Nzige wa jangwani ana uzito wa kama gramu 2 na kwa siku moja anaweza kula kiasi cha uzito wake. Kundi la kilomita moja ya mraba huwa na makumi ya mamilioni. Waliofuatilia habari za Kenya mwaka 2020 hawahitaji picha. Mwanzi wa mtama unabaki umesimama bila jani hata moja, na mbegu ya msimu ujao haipo. Ndiyo maana Yoeli anasema "miaka" wala hasemi mwaka.

Watu hukwama sehemu mbili. Kwanza wanairuka 2:12-13, ya kurarua mioyo badala ya mavazi. Pili wanakata mstari kabla haujaisha, kumbe unamalizika na "jeshi langu kubwa nililotuma kati yenu". Mungu anayerudisha ndiye aliyelituma. Ukificha hilo unafundisha kitu kingine.

Mzee wa Kanisa Kigamboni
Mwanangu wa kwaya umesema vema, ila ongeza kinachorudishwa. Yoeli anataja sakafu zilizojaa ngano na mashinikizo yanayofurika divai na mafuta. Ni mavuno mapya. Miaka yenyewe haikurudi. Mama aliyezika mtoto mwaka jana amekaa safu ya tatu anakusikiliza. Usimwambie "kila kilichopotea kinarudi Januari hii". Yeye na huzuni yake mpeleke kwenye Ufunuo 21:4, Yoeli mwache kwenye nafaka na kwenye Roho wa 2:28.

Hesabu_Mwenge
Mwalimu_Tabata, miaka sabini unaihesabu kuanzia wapi? 597 mpaka 538, mwaka wa kurudi, ni 59. Wasikilizaji watakukamata hapo.

Mwalimu_Tabata
Yeremia 29:10 inasema sabini ya Babeli, maana yake ya utawala wake. Ashuru, dola iliyotangulia Babeli, iliisha kabisa mwaka 609, Babeli ikaanguka kwa Koreshi mfalme wa Uajemi mwaka 539. Sabini kamili.

Hesabu_Mwenge
Zekaria 1:12 hakuhesabu hivyo. Mwaka 519 KK malaika analia "miaka sabini hii" na hekalu bado halijasimama. Hekalu lilichomwa 586, likamalizika mwaka wa sita wa Dario mfalme wa Uajemi, yaani 516 tukihesabu mpaka mwanzo wa mwaka wake. Nayo ni sabini.

Mwalimu_Tabata
Sijakataa ya Zekaria. Nasema ya Yeremia.

Hesabu_Mwenge
Basi ziandike zote mbili ubaoni usiwafiche watu.

Muhuri_Kimara
Mkibishana miaka mnapita sura yenye nguvu kuliko zote. Yeremia 32. Nimeona mada hii usiku, nikashindwa kulala bila kuandika.

Lazima kwanza mweleze mji ulikuwaje. Jeshi la Nebukadreza mfalme wa Babeli lilifika mwaka wa tisa wa Sedekia, mfalme wa mwisho wa Yuda, mwezi wa kumi, siku ya kumi. Watu wakaogopa, wakafanya agano la kuwaacha huru watumwa wao Waebrania. Jeshi la Farao likatoka Misri, Wakaldayo (ndio hao Wababeli) wakaondoka kwa muda, na mabwana wakawakamata tena watumwa walewale (Yer 34). Katika nafasi hiyohiyo Yeremia alitoka aende nchi ya Benyamini kwa habari ya fungu lake. Langoni akashikwa, akaitwa msaliti, akapigwa, akafungwa. Wakaldayo wakarudi. Baadaye mfalme akamweka uani mwa walinzi, akipewa mkate mmoja kwa siku kutoka njia ya waokaji, mpaka mikate ilipokwisha mjini. Kuna na siku waliyomshusha kwenye shimo lenye matope matupu. Ebedmeleki Mkushi akaenda na watu na kamba, akamshushia matambara makuukuu ayaweke kwapani ili kamba zisimchune.

Maombolezo 2:20 na 4:10 zinasema njaa ilifika wapi. Akina mama walipika watoto wao. Someni kwa sauti ya chini, na watoto wa Shule ya Jumapili wasiwepo.

Sasa mtu yuko kifungoni, mwaka wa kumi wa Sedekia, maboma ya kuzingira yamefika ukutani. Anakuja Hanameli, jamaa yake, anamwambia: ninunulie shamba langu la Anathothi, haki ya kulikomboa ni yako. Anathothi iko kilomita chache tu kaskazini-mashariki ya Yerusalemu, na adui ameuzunguka mji. Hanameli anauza ardhi ambayo hawezi kumwonyesha mnunuzi, na mnunuzi ndiye huyohuyo anayehubiri kila siku kwamba mji utaanguka.

Yeremia akanunua. Akapima shekeli kumi na saba za fedha kwenye mizani, hati ikaandikwa, ikatiwa muhuri, mashahidi wakaweka majina yao mbele ya Wayahudi wote waliokaa uani. Nakala ya muhuri na nakala ya wazi akampa Baruku mwandishi wake, aziweke ndani ya chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Halafu neno likatoka: nyumba na mashamba na mizabibu vitanunuliwa tena katika nchi hii.

Na baada ya kulipa ndipo akaomba, na maombi yake yamejaa mshangao: Bwana, mji umekwisha kutiwa mikononi mwa Wakaldayo, nawe umeniambia nunua shamba! Jibu liko aya ya 27: "je! kuna neno gumu lolote nisiloliweza?"

Mwaka wa kumi na moja, mwezi wa nne, siku ya tisa, ukuta ukabomolewa. Sedekia akatoroka usiku kwa njia ya bustani ya mfalme, akakamatwa nyanda za Yeriko. Huko mji wa Ribla wakawaua wanawe mbele ya macho yake, kisha wakayang'oa macho hayo. Yeremia akachukuliwa na wakimbizi mpaka Tahpanesi, Misri. Biblia haisemi popote kwamba alilikanyaga lile shamba.

Mama Jumuiya Ubungo
Jamani. Huyo Hanameli sijawahi kusikia akihubiriwa.

Mpima Viwanja Goba
Mimi kazi yangu ni ardhi. Pale kila kitu kiko: muuzaji, haki ya ndugu kununua kwanza (Walawi 25:25), bei, mizani, mashahidi, nakala mbili. Sisi tunavyoandikishana mauziano mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, Yeremia aliandikishana uani mwa gereza.

Kwaya_Kinondoni
Kwa nini nakala mbili?

Mpima Viwanja Goba
Ya wazi ni ya kusomwa. Ya muhuri ni ya siku ya ugomvi: inapasuliwa mbele ya mwamuzi ili kuona kama ya wazi imechezewa. Hati za namna hiyo, maandishi yaleyale mara mbili kwenye karatasi moja, juu imefungwa na chini iko wazi, zimepatikana kwenye pango karibu na Bahari ya Chumvi mwaka 1961, kwenye mzigo wa mwanamke Myahudi aitwaye Babatha. Ni za miaka mingi baada ya Yeremia ila mtindo ni huo.

Darasani itengenezeni. Chukueni karatasi ya A4, andikeni 32:15 nusu ya juu, mrudie nusu ya chini. Viringisheni nusu ya juu iwe nyembamba kama kidole, tobo tatu, uzi wa katani kila tobo, fundo. Juu ya fundo bandikeni udongo wa mfinyanzi kiasi cha punje ya hindi, gandamizeni kwa pete. Nta ya mshumaa msitumie, joto letu la Februari linailegeza, na ikipoa inabanduka kwenye karatasi. Udongo ukiwa na maji mengi utapasuka ukikauka, kandeni mpaka usishike kidoleni. Mtengeneze siku mbili kabla, hewa ya pwani inachelewesha kukauka.

Mangi wa Duka Sinza
Shekeli moja ni kama gramu 11, kwa hiyo kumi na saba hazifiki robo kilo, ni kama gramu 190. Leteni mizani ya duka, misumari upande mmoja, mawe ya mizani upande wa pili. Watoto wapime wenyewe.

Hesabu_Mwenge
Mada ni urejesho, tumeishia kwenye udongo na misumari.

Muhuri_Kimara
Ndugu yangu, fungua Ezra 2:23. Orodha ya waliorudi kutoka Babeli. Watu wa Anathothi, 128.

Hesabu_Mwenge
Nimefungua. Nehemia 7:27 nako ni 128. Endeleeni.

Dada wa Maombi Temeke
Ezekieli 37, ya bonde la mifupa mikavu, msiifanye ya mara moja. Nabii anatabiri mara mbili. Mara ya kwanza mifupa inasogeleana, mishipa, nyama, ngozi, na maandiko yanasema hapakuwa na pumzi ndani yake. Mara ya pili anaita upepo toka pande nne. Wengi wanapiga kelele ya ushindi kwenye ngozi. Na somo lianzie 36:22, "si kwa ajili yenu".

Sayuni_Tegeta
Na mwisho wa sura 37 ni vijiti viwili, Yuda na Yusufu, taifa moja katika nchi. Hilo lilitimia 1948. Mbona mnaogopa kulitaja?

Katekista wa Mbagala
Hatuogopi. Sura hiyohiyo ina Daudi mchungaji mmoja na maskani ya Mungu kati yao, na Matendo 15 Yakobo anaichukua Amosi 9:11, kibanda cha Daudi kilichoanguka, anaieleza kwa mataifa wanaoingia.

Sayuni_Tegeta
Warumi 11:29, karama za Mungu hazina majuto. Israeli hawakufutwa.

Mzee wa Kanisa Kigamboni
Hakuna aliyewafuta. Paulo anakataza mataifa kujisifu juu ya matawi, yaani Israeli. Wanafunzi wenyewe waliuliza, Matendo 1:6, wakati huu ndipo unapowarudishia Israeli ufalme? Wakajibiwa si kazi yenu kujua nyakati, nendeni mkashuhudie. Petro naye, 3:21, anasema mbingu zimempokea Yesu mpaka zije nyakati za kufanywa upya vitu vyote. Hapo ndipo Mkristo anaposimama: amekwisha kuja, na bado tunamngoja. Nazareti aliposoma Isaya 61 aliishia kwenye mwaka wa Bwana uliokubaliwa, akakifunga chuo (kitabu) kabla ya siku ya kisasi. Someni Luka 4 na Isaya 61 pamoja, wataona alipokatia.

Mwalimu_Tabata
Mpangilio: anzeni na Maombolezo. Bila moto wa 586 hakuna wa kurejeshwa.

Dada wa Maombi Temeke
Mimi nasema Zaburi 126 kwanza, waimbe, ndipo muwaonyeshe machozi ya aya ya 5. Watu wa Dar wanafika jumuiya saa kumi na mbili jioni wametoka foleni, ukiwafungulia Maombolezo wanasinzia au wanalia.

Mama Jumuiya Ubungo
Ezra 3:12-13 ina vyote. Msingi unawekwa, wazee waliolikumbuka hekalu la kwanza wanalia, wengine wanapiga kelele za furaha, na hakuna anayeweza kutofautisha sauti. Mimi ningeanzia hapo.

Mgeni_Buguruni
Shalom. Nimechelewa, nimesoma yote. Swali moja. Mama yangu ameombwa sadaka ya urejesho, laki tatu, ili afunguliwe miaka iliyoliwa na nzige. Anataka kuuza cherehani. Nimjibu nini?

Mzee wa Kanisa Kigamboni
Cherehani isiuzwe. Keti naye, msome pamoja Yoeli 2 yote, mtafute ni wapi Mungu anadai malipo. Anadai mioyo iliyoraruliwa. Kisha Isaya 55:1, njoni mnunue bila fedha na bila thamani. Kisha Isaya 52:3, "Mliuzwa bure, nanyi mtakombolewa bila fedha." Asome mwenyewe kwa sauti, usimsomee.

Muhuri_Kimara
Na akikuambia mbona Yeremia alilipa, mjibu alimlipa Hanameli bei ya shamba, akapewa hati.